Majina 23 ya Alhamisi jioni: nani ana hoja na nani anapiga kelele?

SWALI: Naishi Footscray, Melbourne, nimetokea Uvira. Kazini kwetu karibu wote ni mashabiki wa Western Bulldogs, timu ya futi, yaani mpira wa Kiaustralia. Kikosi kikitangazwa Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi watu wanagombana kabla hata ya chai. Kwa nini huyu ametemwa na wiki jana alicheza vizuri? Kwa nini wamepangwa warefu wengi? Kwa nini fulani amerudishwa na bado anachechemea? Mimi nimekulia kwenye soka, kwa hiyo nasikiliza tu. Je, kuna namna ya kujua nani ana hoja? Na mchezaji mkubwa ambaye hajapona vizuri, apangwe kwenye fainali au aachwe?

JIBU: Ndugu yangu, ugomvi mwingi wa Ijumaa unatokana na kuisoma orodha ile kama matokeo ya mtihani: aliyemo amefaulu, asiyemo amefeli. Kocha haisomi hivyo. Ana wachezaji zaidi ya 40 wenye mikataba, mpinzani mmoja, uwanja mmoja, hali ya hewa ya siku moja, na kazi 23 za kugawa. Mara nyingi mchezaji wa ishirini kwa ubora anaingia na wa kumi na mbili anabaki nje, kwa sababu yule wa ishirini ndiye pekee anayeiweza kazi iliyobaki bila mtu. Ukilishika hilo, kelele nyingi za kazini kwenu zitaanza kukupita.

Kwa kuwa umetoka kwenye soka, nieleze kwanza tofauti inayobeba mengine yote, nayo ni benchi. Uwanjani wanaingia 18 kila upande, na waliobaki hawakai kusubiri kuitwa mara moja. Mtu anatoka, anapumua dakika chache, anarudi, anatoka tena. Kuanzia 2023 hadi 2025 benchi lilikuwa na watu 4 wa kuzunguka na sabu 1, na sabu akishaingia, aliyempisha ndiyo basi. Msimu wa 2026 sabu ameondolewa na wote 5 wanazunguka. Jumla haijabadilika, ni 23 ile ile. Kilichobadilika sana kwa miaka hii ni idadi ya kupishana. Mwaka 2014 kiliwekwa kikomo cha mara 120 kwa mechi, mwaka 2016 kikashuka hadi 90, na mwaka 2021 kikafika 75. Robo moja ni dakika 20 kwenye karatasi, lakini saa husimama mpira unapokufa, kwa hiyo robo inakaribia nusu saa, na ziko robo nne. Kiungo anaweza kukimbia kilomita 13 na zaidi kabla ya kengele ya mwisho.

Kadiri kikomo kinavyoshuka, anayejua kazi moja tu anazidi kuwa mzigo kwa wenzake. Zamani kocha aliweza kumweka mfungaji mzuri asiyekaba, akamtoa kila anapochoka. Leo kila safari ya kwenda benchi ina hesabu yake, na kocha anampenda yule anayeanza winga, akaenda kiungo robo ya tatu, akamaliza beki bila mtu kulalamika. Mashabiki hawaimbi jina la mtu wa namna hiyo. Makocha wanamwandika wa kwanza kwenye karatasi.

Sasa ile hoja utakayoisikia kabla ya zote: "Wiki jana alitoa mipira 25!" Kwenye futi huhesabiwa kila mpira mtu anaoutoa, kwa mguu au kwa ngumi, na namba hiyo inasomwa kila kituo cha televisheni. Ni namba halali, ila haisemi mambo matatu ambayo kocha huyatafuta kwenye video. Aliuchukua wapi? Mpira wa kupewa na mwenzako ukiwa peke yako nyuma kabisa si sawa na mpira ulioutoa chini ya watu sita wanaokuvuta jezi. Aliupeleka wapi? Kuna wanaotoa mipira 30 na timu haijasogea. Na la tatu, ambalo ndilo linawatoa wengi kikosini: mpira ulipokuwa kwa adui, alikuwa wapi? Beki mwenye mipira 25 ambaye mtu wake kafunga magoli manne, yaani pointi 24, ameitia timu hasara hata kama takwimu zake zinapendeza. Jumamosi hii jaribu kumwangalia mchezaji mmoja tu kwa robo nzima, hasa wakati hana mpira. Utaanza kuona anachokiona kocha.

Mfano mnao hapo hapo Footscray. Msimu wa 2024 kocha Luke Beveridge alimwacha Jack Macrae, na akamwacha Caleb Daniel, wote wakarudishwa kucheza timu ya akiba kwenye VFL, ligi ya chini. Mji uliwaka, na nawaelewa waliokasirika. Macrae alishateuliwa mara tatu kwenye kikosi bora cha Australia nzima. Daniel, mwenye sentimita 168 katika mchezo wa majitu, alikuwa kwenye kikosi hicho mwaka 2020. Wote wawili walivaa medali ya ubingwa wa 2016, ubingwa wa kwanza wa klabu tangu 1954. Unawaachaje watu kama hao?

Beveridge alikuwa tayari na Marcus Bontempelli, Tom Liberatore na Adam Treloar katikati, na mwaka ule ule akamvuta Ed Richards kutoka ulinzi kuwa kiungo, kwa sababu Richards ana mbio na anauchukua mpira kutoka kwenye msongamano akiwa anakimbia. Macrae ni hodari wa kuutafuta mpira na kuutoa kwa utulivu, na kazi hiyo ilishakuwa na wenyewe watatu. Kuongeza wa nne kungeifanya timu iwe na mpira mwingi na mwendo mdogo. Kwa hiyo wenzako waliosema "Macrae ni bora kuliko fulani" walikuwa sahihi kwa mtu mmoja mmoja, lakini walikuwa wanajibu swali ambalo kocha hakujiuliza.

Je, Beveridge alipatia? Bulldogs walimaliza nafasi ya 6 na wakatolewa na Hawthorn kwenye mechi ya kwanza ya mtoano, pointi 99 kwa 62. Mwisho wa mwaka Macrae akaenda St Kilda na Daniel akaenda North Melbourne. Mimi naona hoja ya kumwacha Macrae ilikuwa na mashiko. Ya kumwacha Daniel naiona dhaifu zaidi, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa unaitoa timu nyuma kwa pasi ambazo wengine kikosini hawakuwa nazo. Hapo shabiki aliyepiga kelele alikuwa na haki ya kupiga, mradi alisema ni kazi gani iliyobaki bila mtu.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, na unatugusa watu wa Afrika Mashariki. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Alianza kuichezea Sydney mwaka 2016, na kwa misimu mitano alikuwa mtu wa kuingia na kutoka kikosini: leo beki, kesho mbele, keshokutwa timu ya akiba. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide. Huko walimpa kazi moja iliyo wazi, ya kumwacha mtu wake kwa muda, kusoma mpira mrefu unaokuja na kuudaka hewani kabla haujafika kwa mshambuliaji. Mwaka 2021, msimu wake wa kwanza pale, akaingia kikosi bora cha Australia. Ni mtu yule yule na miguu ile ile. Kwa hiyo mtu akikwambia mchezaji fulani "hafai", muulize hafai kwa kazi ipi.

Nije kwenye warefu. Kila timu inahitaji raki, yule mrefu anayeruka kugombea mpira mwamuzi anapouanzisha upya, na raki mmoja hawezi kuruka mechi nzima. Ndiyo maana kila wiki kuna ubishi: tuweke raki wa pili halisi, au mshambuliaji mrefu amsaidie dakika chache kila robo? Bulldogs wana Tim English kama raki, na Sam Darcy, mshambuliaji mwenye zaidi ya mita 2, anaweza kumpumzisha. Ukifanya hivyo unaokoa nafasi moja ya mtu mwepesi. Lakini kila dakika Darcy anapokuwa katikati, hayupo mbele ya goli, na mabeki wa adui wanapumua. Hapa hakuna jibu la kudumu. Jibu linatoka kwenye uwanja na mawingu.

Kwenye uwanja wenu wa nyumbani, Docklands, paa linafungwa. Hakuna mvua wala upepo, mpira mkavu, warefu wanadaka hewani watakavyo. Mechi hiyo hiyo ikipelekwa Ballarat, ambako Bulldogs wamewahi kucheza baadhi ya mechi zao, kuna baridi na upepo, na mpira mrefu unaanguka usipotarajiwa. Unaishia chini, na chini warefu watatu ni warefu watatu wanaoinama polepole. Uwanja wa Geelong nao ni mwembamba, upana wake ni kama mita 115, hivyo winga wa mbio anakosa nafasi ya kukimbilia na timu inahitaji watu wa kugombania mpira kwenye msongamano. Kabla ya kubishana kuhusu jina, angalia mechi inachezwa wapi na utabiri wa hali ya hewa unasemaje. Ni jambo la dakika moja, na naona wengi hawalifanyi.

Hoja nyingine inayorudi kila wiki ni ile ya kutoigusa timu iliyoshinda. Inapendeza masikioni, lakini makocha wakubwa hawaiheshimu sana. Mwaka 2010 fainali kuu ya Collingwood na St Kilda iliisha sare, 68 kwa 68, na sheria ya wakati ule ikataka irudiwe wiki iliyofuata. Kocha wa Collingwood, Mick Malthouse, akamtoa Leon Davis, kipenzi cha mashabiki, akamwingiza Tyson Goldsack. Goldsack ndiye aliyefunga goli la kwanza la marudiano, na Collingwood ikashinda kwa tofauti ya pointi 56. Mwaka 2019 Richmond ilikwenda mbali zaidi: ikamwanzisha Marlion Pickett kwenye fainali kuu bila kuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi. Jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu 1952. Waliosema ni wazimu hawakuwa wakiifuatilia timu ya akiba. Wiki moja kabla, Pickett alikuwa ameng'ara kwenye fainali ya VFL na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi ile, alikuwa na miaka 27, mtu mzima aliyekomaa, na kazi aliyopewa ilikuwa ile ile aliyoizoea. Richmond ilishinda kwa pointi 89, naye akafunga goli.

Basi ukitaka kuwazidi wenzako, tazama timu ya akiba. Anayepanda kutoka kule huwa hatokei hewani.

Lakini nisikufanye uone hii ni hesabu tupu. Mwaka 1993 Derek Kickett wa Essendon alicheza mechi zote za msimu, kisha kocha Kevin Sheedy akamwacha nje ya mechi moja tu, fainali kuu. Essendon ikashinda ubingwa kwa pointi 44, na Kickett akaondoka kwenda Sydney akiwa na jeraha la moyo lililochukua miaka mingi. Hesabu ilikubali, matokeo yalikubali, na bado mtu mmoja aliumia vibaya. Mashabiki wanaomtetea mchezaji aliyetemwa mara nyingi wanatetea jambo hilo, kwamba aliyetufikisha hapa ana haki fulani. Naiheshimu hoja hiyo. Naomba tu isemwe kwa jina lake, isivishwe nguo ya takwimu.

Halafu kumbuka kwamba orodha ya Alhamisi si amri ya mwisho. Kwa mechi za Jumapili hutajwa kundi kubwa zaidi, kisha hupunguzwa. Na hata baada ya hapo mtu anaweza kutolewa karibu na mechi kuanza. Wakati mwingine klabu inampumzisha mtu kwa makusudi. Mwaka 2015, raundi ya mwisho kabla ya mtoano, North Melbourne ilibadili watu 9 na Fremantle 12. Wengi walikasirika, maana walilipa tiketi kutazama timu dhaifu. North ikapoteza mechi ile kwa Richmond, kisha wiki iliyofuata ikaifunga Richmond hiyo hiyo kwenye mtoano. Mwaka 2016 ligi ikaweka wiki ya mapumziko kabla ya mtoano ili kuzuia mchezo huo, na walionufaika wa kwanza ni nyinyi: Macrae na Liberatore walitumia wiki ile kurudi kutoka kwenye majeraha, Bulldogs wakaenda Perth wakaifunga West Coast kwa pointi 47, na safari ya ubingwa ikaanzia pale.

Sasa swali lako la mwisho, la majeruhi kwenye fainali. Kwanza tuweke kando majeraha ya kichwa: mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo hana mjadala. Tangu 2021 anakaa nje siku zisizopungua 12, kwa hiyo akiumia nusu fainali, fainali kuu ya wiki inayofuata imempita, awe nani. Mwaka 2023 Port Adelaide ilitozwa faini ya dola 100,000 baada ya Aliir kugongana kichwa na mwenzake na kurudishwa uwanjani bila kipimo kinachotakiwa. Shabiki anayedai mtu wa namna hiyo arudishwe, usimsikilize.

Kwa majeraha mengine, nina msimamo, na umetokana na fainali kuu tatu. Mwaka 2022 Geelong na Sydney waliingia wiki ya mwisho kila mmoja na mgonjwa wake. Max Holmes wa Geelong, kijana wa miaka 20, alikuwa ameumia msuli wa nyuma ya paja. Kocha Chris Scott akamwacha, akamweka Mark O'Connor, Mwairishi kutoka Kerry. Sydney ilikuwa na Sam Reid mwenye jeraha la msuli wa ndani ya paja, ikampanga. Reid hakumaliza mechi. Geelong ilishinda 133 kwa 52, na sitakudanganya kwamba mtu mmoja ndiye aliyesababisha pengo la pointi 81. Lakini timu iliyokuwa inazama ililazimika kutumia sabu yake kwa jeraha lililojulikana tangu Alhamisi.

Mwaka 2024 Sydney ile ile ilimwacha nahodha Callum Mills kwa msuli wa nyuma ya paja, jambo la busara, lakini ikampanga Logan McDonald mwenye kifundo kibovu. Akatolewa mechi ikiendelea, na Brisbane ikashinda kwa pointi 60. Cha kuuma ni kwamba McDonald huyo ndiye aliyeachwa mwaka 2022 akiwa mzima.

Mwaka 2025 Brisbane ilionyesha njia ya kati. Lachie Neale, mshindi mara mbili wa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, alikuwa ameumia kigimbi mwanzoni mwa mtoano na akakosa mechi zilizofuata. Kwenye fainali kuu wakamweka sabu. Hakuanza. Aliingia baadaye, wakati wengine wameshachoka, na Brisbane ikaifunga Geelong kwa pointi 47. Dakika alizotakiwa kucheza zilipungua, hatari ikapungua nazo, na kama kigimbi kingekataa wakati wa kupasha misuli, bado timu ilikuwa kamili. Sabu akiwa ameondolewa, njia hiyo imefungwa. Kuanzia 2026 ukimpanga mgonjwa, yumo kwenye mzunguko tangu mwanzo, na akikwama, wenzake 22 wanagawana kilomita zake chini ya kikomo cha kupishana.

Kwa hiyo mimi ningemwacha mwenye msuli wa mguu ambaye hajakimbia kwa kasi kamili mazoezini wiki ile, hata awe nahodha, kwa sababu msuli hauchaniki kidogo kidogo ukakupa muda wa kufikiri. Maumivu ya bega au ya mkono ningeyajadili, nikiangalia kazi yake. Jack Graham alimaliza nusu fainali ya 2019 bega likiwa limeteguka, na Richmond bado ikamwacha wiki iliyofuata, kwani kazi yake ilikuwa kukamata watu na kuwaangusha, na kwa bega lile asingeweza. Nafasi hiyo ndiyo aliyoipata Pickett. Ijumaa, wenzako wakianza kuhusu aliye majeruhi, waulize mambo mawili: ameumia nini, na kazi yake uwanjani inatumia kiungo kipi? Wakishindwa kujibu la pili, rudi kwenye chai yako.